Kifungua Mimba Anayetaka Kuwa Ndugu Mdogo

Swali: "Shikamoo Bruda. Nina miaka 43, fundi wa magari, nina gereji ndogo pale Grogan, Nairobi, na vijana wanne chini yangu. Kwetu ni Kakamega, mimi ndiye kifungua mimba katika watoto sita. Baba alifariki nikiwa kidato cha nne na tangu hapo kila kitu hupitia kwangu. Niliishi na mama wa binti yangu miaka minne bila kufunga ndoa kanisani, tukaachana. Binti ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, shule ya bweni. Mwaka juzi niliitwa kutengeneza pikapu ya watawa Wafransisko upande wa Lang'ata. Kazi ikachelewa, wakanialika kwenye masifu ya jioni, nikala nao ugali na omena. Tangu siku ile sijatulia. Nimerudi pale mara nyingi kuliko gari lao linavyoharibika. Je, nimechelewa? Nikiingia, lazima niwe padre? Nina mkopo wa SACCO pia. Na la mwisho, usinicheke: naweza kuja na spana zangu?"

Marahaba, ndugu yangu.

Sijakucheka. Swali la spana nitaliweka mwisho, maana nahisi ndilo zito kuliko yote uliyouliza, ingawa wewe umelitia mkiani kama mzaha. Nimekuwa mlezi wa wapostulanti, yaani wanaojiandaa kuanza utawa, kwa miaka 11, na mimi mwenyewe niliingia nikiwa na miaka 36, nikitokea kwenye ualimu. Kwa hiyo baadhi ya haya nimeyasoma, na mengine yamenikuta.

Tuanze na umri ili tuumalize. Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinataja umri wa chini tu: asiingie unovisi, ule mwaka wa majaribio kabla ya nadhiri, aliye chini ya miaka 17, asiweke nadhiri za daima aliye chini ya 21. Umri wa juu haukutajwa. Kila shirika linajipangia, na hapo ndipo watu wa rika lako hukuta mlango umeegeshwa. Huku utaambiwa mwisho ni 30, kule 35, kwingine 40, na wachache watakwambia uje kwanza mzungumze. Mkurugenzi wa miito anayekuuliza umri hana ugomvi na mvi zako, anapiga hesabu. Nawe piga naye. Mwaka mmoja hivi wa kufahamiana, ukiwa bado kazini kwako. Upostulanti, mara nyingi mwaka. Unovisi, miezi 12 kamili, na ukikosekana zaidi ya siku 15 unazifidia. Kisha nadhiri za muda, miaka isiyopungua 3 na kwa kawaida isiyozidi 6. Ukianza leo bila kukwama popote, nadhiri za daima utaziweka ukiwa na miaka 49 kwa uchache, pengine 52. Mgongo uliolala chini ya magari kwenye saruji ya Grogan miaka 20 utakuwa umeanza kudai haki yake. Jumuiya ina haki ya kujiuliza itapata miaka mingapi ya kazi kutoka kwako kabla ya kuanza kukuuguza, na usiwanunie wakiuliza.

Ila usidhani wewe ndiwe wa kwanza. Huko Italia, mjini Todi, palikuwa na mwanasheria aliyeitwa Jacopone, mzaliwa wa karibu mwaka 1230. Mkewe alikufa jukwaa lilipoporomoka kwenye sherehe. Akagawa mali, akaishi kama mtubu wa Utawa wa Tatu, tawi la Wafransisko walei, miaka kama 10, watu wakimwona amerukwa na akili, ndipo mwaka 1278 Wafransisko wakampokea. Alikuwa anakaribia miaka 50, na akabaki bruda, yaani mtawa asiye padre.

Lakini ninayempenda mimi ni Benedikto Mweusi. Wazazi wake walikuwa Waafrika, watumwa kisiwani Sicily, naye alizaliwa karibu mwaka 1526. Aliishi na kundi la wakaa-pweke hadi Papa Pio wa Nne alipoagiza makundi ya namna hiyo yajiunge na mashirika yanayotambuliwa. Basi karibu mwaka 1564, akiwa na miaka inayokaribia 40, akaingia kwa Wafransisko wa Palermo. Wakampeleka jikoni. Hakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1578 ndugu zake wakamchagua kuwa mkubwa wa nyumba, yeye mpishi, juu ya mapadre. Muhula ulipokwisha alirudi jikoni. Alifariki 1589, akatangazwa mtakatifu 1807. Namtaja kwa wapostulanti kila mwaka, na kila mwaka wao hushangaa alivyopanda. Mimi kinachonishangaza ni alivyoshuka, akachukua tena mwiko kama mtu aliyekuwa ameuacha kwa dakika mbili kwenda kufungua mlango.

Hapo ndipo ulipo mzigo wako wewe, na umri ni kivuli chake tu.

Mtakatifu Fransisko wa Assisi, mwanzilishi wa Wafransisko, aliwaita wenzake Ndugu Wadogo. Kwa lugha nyingi jina hilo ni la kitabuni. Kwa Kiswahili ni la sebuleni. Ndugu mdogo kwenu ni nani? Ndiye anayetumwa chumvi mvua ikinyesha. Ndiye anayevaa shati lililokuwa lako. Kuku akichinjwa, firigisi haimfikii. Wageni wakija, yeye ndiye anayehama kitanda. Sasa wewe uliyeandika kwamba kila kitu hupitia kwako tangu kidato cha nne, unaomba kuingia nyumba ambayo kila mtu ndani yake amekubali kuwa huyo mtoto wa mwisho. Utaingia na miaka 43, ukiwa chini ya mtu wa miaka 24 aliyekutangulia kwa mwaka mmoja.

Nikwambie yaliyonipata. Wiki yangu ya pili, zamu ya jikoni. Nilikuwa nimeacha cheo cha naibu mwalimu mkuu, nimezoea nikiingia mahali watoto wanasimama. Nakata sukuma wiki. Kijana wa miaka 23 akasimama nyuma yangu, akatazama kidogo, akasema kwa upole, "Bruda, hapa tunazikata nyembamba zaidi." Nyembamba zaidi! Nilikuwa nikimkatia mama yangu sukuma huyu hajazaliwa. Nikakata nyembamba. Usiku nikavuta sanduku kutoka uvunguni, nikakunja shati la kwanza, nikakunja la pili. La tatu sikulikunja, usingizi ulinishinda. Asubuhi ilikuwa zamu yangu ya kengele, na kengele haiulizi mpiga kengele amelalaje.

Watu wa nje hudhani useja ndio mlima. Sisemi ni tambarare, hasa zile jioni za Jumapili ambapo nyumba imetulia na unasikia watoto wa jirani wakiitwa kula. Ila kwa walioingia wakiwa watu wazima, niliowaona wakirudi kwao wengi walirudishwa na utii, na utii wenyewe huja kwa sura ndogo ndogo. Leo ukitaka kwenda Gikomba unapapasa mfuko unaondoka. Kule utagonga mlango wa mtu aliye mdogo kwako kwa miaka 15, useme unaomba nauli ya kwenda na kurudi, na ukirudi umwonyeshe chenji. Nakumbuka mmoja aliyekuja na miaka 41, msimamizi wa ujenzi, mtu wa sala kwelikweli. Mwezi wa tano wa unovisi akaondoka. Kisa kilikuwa banda la kuku. Alijua namna bora ya kulijenga, akasema, hakusikilizwa, na akaona hawezi kuishi mahali ambapo mtu anajua na hasikilizwi. Sikumlaumu, na sisi wawili bado tunapigiana simu. (Banda lenyewe lilianguka, kama alivyosema.)

Kuhusu upadre jibu ni hapana, si lazima, na kwa umri wako nisingekushauri uanze kwa shabaha hiyo. Ufransisko ni undugu kwanza. Baadhi ya ndugu ni mapadre, wengine ni mabruda, nadhiri ni zilezile, kanzu ni ileile na kamba ile yenye mafundo matatu ni ileile. Fransisko mwenyewe hakuwahi kuwa padre. Usiku wa Krismasi ya 1223, pale Greccio, aliimba Injili kama shemasi. Tatizo liko kwetu. Hapa Kenya bruda akienda kijijini anaulizwa, "Utamaliza lini?" kana kwamba amekwama darasani. Mama yako ataulizwa hilo kanisani, mwandae. Na tarehe 18 Mei 2022 Papa Fransisko alitoa hati inayofungua njia kwa mtawa asiye padre kuwekwa kuwa mkuu wa ngazi ya juu katika mashirika ya kipadre, kwa kibali cha Roma. Ni jambo ambalo Benedikto wa jikoni alilitangulia kwa zaidi ya miaka 400.

Sasa binti.

Hapa sitazunguka. Shirika lenye busara halitakupokea unovisini wakati mtoto wako ana miaka 16 na karo yake inatoka mfukoni mwako. Mtawa hana mfuko. Ukishaweka nadhiri, mshahara ukiupata ni wa jumuiya, zawadi ukipewa ni ya jumuiya. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 53, inasema mtoto ana haki ya kutunzwa na baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana. Kabla ya Katiba, iko amri ya nne, ambayo wazazi wengi hupenda kuisoma upande mmoja tu. Nimewahi kumsikia mtu akisema, "Mungu aliyeniita atamlipia." Mungu alishamtafutia mlipaji, naye ni fundi ana gereji Grogan.

Na karo si yote. Msichana wa miaka 16 ambaye wazazi wake walishaachana, akimwona baba naye anaingia mahali penye lango na saa za kutembelewa, atasoma nini hapo? Mwambie mapema, kabla hujamwambia paroko na kabla hujaijaza fomu yoyote. Usimwambie kama mtu anayetangaza safari. Mwambie kuna jambo linakusumbua moyoni, kisha unyamaze. Mwache aulize maswali yake mabaya, na mengine atauliza baada ya miezi. Akikwambia, "Kwa hiyo hata wewe unaenda," usianze kumfafanulia teolojia ya wito. Kaa hapo.

Maana yake kwa kalenda yako ni kwamba KCSE, mtihani wa kidato cha nne, iko mbele, kisha chuo au kozi, kisha asimame. Utakuwa na miaka 46, labda 48. Baadhi ya milango iliyoegeshwa leo itakuwa imefungwa. Najua hilo linauma na sitalipaka asali.

Kuhusu mama yake, sheria ya Kanisa inazuia kumpokea mtu ambaye ndoa yake ingalipo. Wewe ni Mkatoliki na hukufunga kanisani, kwa hiyo mbele ya Kanisa hamkuwa na ndoa, ila halisemwi kwa mdomo tu. Paroko ataandika kuthibitisha kwamba uko huru. Swali ambalo watu husahau ni hili: je, mlipeleka mahari? Kama wazee walikaa na ng'ombe wakahesabiwa, Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua ndoa ya kimila, nayo huvunjwa mahakamani, haivunjwi na mtu kubeba sufuria zake akaondoka. Litafutie wakili asubuhi moja. Nimeona faili nzuri ikikaa mezani miaka miwili kwa sababu ya ng'ombe watatu ambao hakuna aliyetaka kuwataja.

Mkopo sasa. Kanuni ya 644 ya Sheria za Kanisa inawakataza wakuu kumpokea mwenye madeni asiyoweza kuyalipa. Umeandika "mkopo wa SACCO" kana kwamba ni mmoja, nami nimeishi Nairobi vya kutosha. Chukua karatasi. Andika mkopo. Andika Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Andika chama, na zamu yako ya kupokea uliyokwisha kula na sasa unadaiwa kuchangia wengine. Andika spea ulizochukua kwa mali kauli kule Kirinyaga Road. Kisha andika wale uliowadhamini, maana hao ndio husahauliwa. Mtu uliyemwekea sahihi asipolipa, SACCO inakuja kwenye akiba zako, na huwezi hata kuzitoa hizo akiba ukajiondoa mpaka apatikane mdhamini mwingine. Tuliwahi kumpokea mtu aliyetuambia hana deni. Mwezi wa tatu simu ya nyumba ikaanza kulia saa mbili asubuhi, saa nne, saa nane. Hakuwa mwongo. Alikuwa amemdhamini binamu yake, na kichwani mwake hilo lilikuwa ukarimu, halikuwa deni. Tulimrudisha akalimalize. Alilia, nasi hatukufurahi.

Gereji usiiuze kwanza. Sheria ina upole ambao watu hawaujui. Kabla ya nadhiri za kwanza unakabidhi usimamizi wa mali yako kwa mtu unayemchagua, lakini bado ni yako. Wosia unaandikwa kabla ya nadhiri za daima, na uwe halali hata mbele ya serikali. Kwa hiyo ukishindwa njiani una pa kurudi. Na ujue pia kwamba anayeondoka hawezi kudai malipo ya kazi aliyofanya akiwa ndani, ingawa shirika linatakiwa limtendee kwa haki na upendo.

Fransisko mwenyewe, katika Kanuni yake ya maisha ya ndugu, iliyothibitishwa na Papa Honorio wa Tatu tarehe 29 Novemba 1223, sura ya pili, anaeleza namna ya kuwapokea wanaokuja. Wapimwe imani. Waulizwe habari za mke. Kisha waambiwe wakauze walivyo navyo wawagawie maskini, na wasipoweza, nia njema inatosha. Anaongeza jambo ninalolipenda: ndugu wasijitie katika mali za anayeingia. Ukimkuta mtawa yeyote anayekuuliza gereji itabaki kwa nani kabla hajakuuliza habari za binti yako, aga, ondoka.

Mama na wale watano nisiwasemee mengi, wewe wawajua. Ila itisha kikao mapema, ukiwa bado na uwezo wa kuchangia, ugawe majukumu kwa majina na kwa shilingi. Nani dawa za mama, nani mbolea, nani bima yake ya afya ya SHA. Kifungua mimba akibeba peke yake miaka 25, wadogo zake husahau kwamba wana mabega.

Na hapo ndipo swali langu kwako. Omena ile ya Lang'ata ilikuwa na nini? Ulikaa mezani jioni moja bila mtu kukuomba chochote. Hakuna simu ya "bro, niokolee." Chakula kilipikwa na mwingine, sala iliongozwa na mwingine, gari lilikuwa la mwingine. Kwa mtu aliyebeba tangu kidato cha nne, jioni kama hiyo inaweza kufanana sana na sauti ya Mungu. Inaweza kweli kuwa sauti ya Mungu. Inaweza pia kuwa uchovu, na uchovu dawa yake ni wiki mbili Kakamega simu ikiwa imezimwa. Nimeishi na watu waliokuja kupumzika. Mwezi wa kwanza wanang'aa kuliko wote. Mwezi wa sita wanagundua kwamba hapa nako kuna mtu anayekoroma, mtu asiyefua soksi, na orodha ya zamu ubaoni.

Kuna jaribio moja ninalowapa wenye biashara. Kijana wako mkubwa pale gereji, mkabidhi funguo na daftari kwa mwezi mmoja. Wewe uje saa mbili kama fundi, umuulize leo nafanya gari gani, na akikutuma kununua bushi uende. Akikosea bei kwa mteja, nyamaza mpaka ajue mwenyewe. Usimwambie ni jaribio. Jioni kila siku pita Basilika ya Familia Takatifu, au mahali popote penye ukimya, ukae nusu saa, uandike mstari mmoja tu: leo ilikuwaje kuwa mdogo. Mwisho wa mwezi lete hilo daftari kwa padre au mtawa anayekusindikiza kiroho. Lina thamani kuliko barua ndefu ya kueleza ndoto.

Ukifika wakati wa kuomba rasmi, utakuta familia tatu za Ndugu Wadogo, na zote ziko hapa Kenya: wale wanaoitwa tu Ndugu Wadogo, kanzu ya kahawia, Wakapuchini, kahawia pia ila kofia ndefu, waliochipuka Italia miaka ya 1520 wakitafuta maisha makali zaidi, na Wakonventuali, kijivu au nyeusi, wanaotunza kituo cha hija cha Bikira Maria kule Subukia. Usichague kwa rangi. Nenda wikendi ya njoo-uone ya kila mmoja, na huko usiwatazame wakisali, sote tunajua kusali mgeni akiwepo. Watazame wakiosha vyombo. Makaratasi yenyewe ni ya kawaida: ubatizo, kipaimara, barua ya paroko, vyeti vya shule, cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi wa upelelezi (DCI), vipimo vya hospitali.

Na wakati unamngoja binti asimame, usikae kibarazani. Nilimtaja Jacopone na ile miaka yake 10 kwa makusudi. Utawa wa Tatu, yaani Wafransisko Wasekulari, ni wa watu wenye kazi, watoto na madeni. Wana Kanuni yao iliyothibitishwa na Papa Paulo wa Sita mwaka 1978, wana kipindi cha malezi kisichopungua mwaka, na ahadi yao ni ya maisha yote. Mfalme Ludoviko wa Tisa wa Ufaransa ndiye mtakatifu msimamizi wao, pamoja na Elizabeti wa Hungaria, mjane na mama wa watoto aliyefariki mwaka 1231 akiwa na miaka 24 tu. Uliza kwenye parokia yoyote ya Wafransisko, utakuta wanakutana mara moja kwa mwezi, wengi wao akina mama wa rika la mama yako, na watakutuma viti. Huenda ukiwa pale ukagundua umefika. Huenda ukazidi kuwaka. Mkurugenzi wa miito akikuona miaka minne baadaye, una miaka 47, huna deni, binti yuko chuoni na anakuja kukutetea mwenyewe, na nyuma yako kuna miaka ya kutumwa viti, hesabu yake ya umri inaweza kubadilika. Inaweza pia isibadilike.

Haya, spana.

Fransisko aliandika Kanuni ya awali, ile ya 1221, na katika sura ya saba anasema ndugu wenye ufundi waendelee na ufundi wao, na wanaruhusiwa kuwa na vifaa vya kazi yao. Katika Wosia wake, aliouacha mwaka aliofariki, 1226, anasema yeye alifanya kazi kwa mikono na anataka ndugu wote wafanye, na wasiojua wajifunze. Kwa hiyo njoo nazo. Pikapu ile uliyoitengeneza inazihitaji, na sisi tumechoka kulipa mafundi wa Grogan. Lakini miaka miwili baada ya ile Kanuni ya awali, katika Kanuni ya 1223, sura ya sita, anaandika kwamba ndugu wasijimilikishe kitu chochote, si nyumba, si mahali, si kitu. Sanduku lako likivuka kizingiti litawekwa stoo, na funguo za stoo zina mtu wake. Ukilihitaji utaliomba. Na asubuhi moja utalifungua ukute namba 13 haimo, uulize nyumba nzima, kumbe novisi mmoja aliitumia kukazia bomba la bustani akaiacha kwenye nyasi, imelala nje na mvua, imeshika kutu.